Ndoo Kichwani, Nazi Kichwani: Mwongozo wa Kumjibu Mbishi wa Barazani

Katika kila baraza la pwani, kuanzia Tanga mpaka Lindi, na ukivuka maji kwenda Unguja, Pemba na Mafia, yupo bwana mmoja anayejua kila kitu. Tumwite Mbishi. Ukimwambia mtoto asilale chini ya mnazi wenye nazi kavu, yeye anadakia: "Nazi kitu gani? Kilo moja na nusu! Mke wangu anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kila asubuhi, na shingo haijawahi kumuuma." Watu wanacheka, kahawa inamiminwa, na aliyeonya anaonekana mtu anayeogopa matunda.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyeonya. Alisema kweli, na kweli yake inaweza kuhesabiwa kwa kijiti mchangani. Ufuate hatua kwa hatua, usipandishe sauti, na kabla ya yote mwamkie Mbishi shikamoo yake, maana ubishi haumwondolei mtu umri.

Anza kwa kumkubalia

Kuhusu ndoo, Mbishi hajakosea hata kidogo. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukiongeza ndoo yenyewe unakaribia kilo 21. Dunia huivuta kila kilo kwa nguvu ya nyutoni 9.8, kwa hiyo kichwa cha mbebaji kinabeba nyutoni 206 hivi. Nazi ya kilo moja na nusu, pamoja na makumbi yake, ukiiweka taratibu juu ya kichwa hichohicho itakibonyeza kwa nyutoni 14.7 tu. Mkubalie mbele ya watu wote: nazi iliyotulia ni nyepesi kuliko ndoo mara 14. Akitaka kupongezwa, mpongeze.

Sasa muulize, kwa upole, ndoo ile hufikaje kichwani. Mama hujisokotea ngata, huinama, na kama ndoo imejaa sana humwambia mwenzake, "Dada, nitwike." Wawili wanainyanyua, wanaishusha juu ya ngata polepole, na mikono haiachii mpaka shingo imeupokea mzigo wote. Hakuna aliyewahi kutwikwa kwa kuangushiwa ndoo kutoka juu ya paa. Muulize Mbishi kama yuko tayari kutwikwa hivyo yeye mwenyewe, hata kwa ndoo yenye lita moja na nusu. Akinyamaza, hatua ya kwanza imekamilika. Akisema yuko tayari, msimpe ndoo; mpeni kijiti aanze kuhesabu.

Hesabu inayotosha kichwani

Kitu kinapoanguka hujilimbikizia kasi njia nzima. Kikifika chini, kasi ile yote lazima iishe, na inaishia ndani ya umbali mfupi ambao kitu kinautumia kusimama. Mvuto wa dunia ulikuwa na mita nyingi za kuikusanya kasi hiyo. Kinachokipokea kitu kina sentimita chache za kuimaliza. Kadiri sentimita zinavyopungua ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa.

Kanuni yake mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua kimo cha kuanguka, gawa kwa umbali wa kusimama, halafu jumlisha moja. Jibu linakuonyesha nguvu ya wastani ya kipigo inazidi uzito wa kitu kilichotulia mara ngapi.

Minazi mirefu ya Afrika Mashariki hupita mita 20, basi tuchukue 20. Nazi iliyokatika kileleni inafika chini kwa kasi ya kilomita 70 hivi kwa saa, hata kama hewa itaipunguza kidogo. Ikikuta kichwa, na kila kinachoweza kubonyea pale, yaani makumbi, ngozi na nywele, kikabonyea kwa sentimita mbili, gawa mita 20 kwa mita 0.02. Unapata 1,000. Ongeza moja. Nazi ya kilo moja na nusu imepiga kama mzigo wa kilo 1,500. Mgeukie Mbishi umwambie kwa lugha yake: hizo ni ndoo 71, zimetwikwa kichwa kimoja kwa mara moja.

Hapo baraza litanyamaza, lakini usiishie hapo, kwa sababu kilicho kizuri zaidi katika hesabu hii bado. Iache nazi ileile, kutoka kimo kilekile, iangukie mchanga mkavu na kuchimba sentimita 10. Sasa ni mara 201, yaani kilo 300 hivi. Iangukie godoro nene linalobonyea sentimita 25: mara 81, kama kilo 120. Funga wavu wa samaki kati ya miti miwili, uwe unazama mita moja nzima kabla ya kuisimamisha nazi: mara 21, yaani kilo 31 na nusu. Kutoka ndoo 71 tumeshuka mpaka ndoo moja na nusu, na hakuna aliyeigusa nazi wala kuufupisha mnazi.

Mbishi atauliza, na swali lake ni zuri: "Kwa hiyo nazi hii ina kilo ngapi hasa? Moja na nusu, 31 au 1,500?" Mjibu kwamba uzito wake ni uleule tangu ilipokomaa. Kipigo hakiamuliwi na nazi peke yake. Nusu ya uamuzi iko kwa kile kinachoipokea. Jiwe na wavu vinapokea nazi moja kwa namna mbili tofauti kabisa, na ndiyo maana anayeuliza kilo peke yake ameuliza theluthi moja ya swali. Theluthi nyingine ni imetoka wapi, na ya mwisho ni itasimamia wapi.

Uwe mkweli naye pia. Hesabu hii inatoa wastani. Kilele cha kipigo huwa juu kuliko wastani. Shingo nayo hukunjika na mwili huporomoka, hivyo kichwa cha mtu hakipokei sawasawa na jiwe. Lakini hakuna marekebisho yatakayozirudisha kilo 1,500 kuwa kilo moja na nusu.

Jaribio la saruji na panga

Wapo watu ambao hesabu haiwaingii mpaka waone kwa macho. Kwa ajili yao tafuta nazi moja iliyofuliwa, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kipande cha ubao, panga na vijana wawili wenye subira.

Ikalishe nazi ndani ya ngata isiviringike. Weka ubao juu yake. Vijana waunyanyue mfuko wa saruji na kuushusha juu ya ubao polepole, wakiushikilia pembeni usipinduke tu, uzito wote wakiuachia nazi. Subirini kidogo. Mmalizie kahawa. Nazi haina habari. Kifuu kimebeba nyutoni 490 kama hakijabeba kitu, na Mbishi ataanza kutabasamu akidhani jaribio limeenda upande wake.

Ondoeni mfuko. Mpe nazi mama yeyote anayetaka kupika wali. Ataishika kiganjani, ataigonga kwa mgongo wa panga, ataizungusha kidogo, ataigonga tena, na kifuu kitapasuka vipande viwili huku akizungumza mambo mengine na jirani yake. Panga lile halifiki hata kilo moja.

Tuseme lina gramu 600 na linakwenda kwa kasi ya mita sita kwa sekunde, kasi ambayo mkono wowote unaiweza. Kifuu ni kigumu, hakibonyei, kwa hiyo panga linasimama ndani ya milimita mbili. Kipigo kinatoka nyutoni 5,400. Hiyo ni mifuko 11 ya saruji, imewekwa juu ya mstari mwembamba wa chuma kwa muda usiofika hata sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ugumu ambao kifuu kinajivunia ndio uliokiponza, kwa sababu kitu kigumu hakiupi mgongo wa panga nafasi ya kusimama taratibu.

Yule mama amelijua jambo hili tangu utotoni, na hili nalisema kwa heshima kamili. Ndiye abebaye ndoo, kwa hiyo anaujua mzigo tuli kuliko sisi wote. Ndiye pia atwangaye. Anajua kwamba mchi ukiuegesha tu juu ya mahindi kwenye kinu, utakaa hapo mpaka kesho na hakuna punje itakayopasuka. Ukiunyanyua na kuuachia, maganda yanaanza kutoka. Mbishi amekuwa akimtaja mkewe kama ushahidi kwa miaka mingi bila kumuuliza swali hata moja. Mwiteni barazani atoe ushahidi wake mwenyewe.

Kimo sifuri nacho kina mambo

Sehemu hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote, hasa siku ya kununua samaki.

Watu hudhani kwamba bila kimo hakuna kipigo. Chukua mizani ya springi ya kuning'iniza, ile yenye mshale. Shika samaki wa kilo mbili ili aguse sahani tu bila kuikandamiza, kisha mwachie ghafla. Hajaanguka hata sentimita moja. Mshale utaruka mpaka karibu na kilo nne, urudi, uyumbe juu na chini, ndipo utulie kwenye mbili. Mzigo ulioachiwa ghafla hupiga mara mbili ya uzito wake hata kama kimo ni sifuri. Mhandisi Mfaransa Jean-Victor Poncelet aliieleza kanuni hii katika karne ya 19, na wahandisi wa madaraja na mashine wanaitumia mpaka leo.

Sababu yake ni hii. Ukimshusha samaki kwa mkono, mkono unabeba sehemu ya uzito njia nzima na kuipunguza polepole. Ukimwachia, hakuna anayemzuia. Anapofika mahali springi ilipotakiwa kumsimamisha, tayari ana mwendo, na mwendo huo unampitisha chini zaidi.

Sasa mfikirie mchuuzi anayemtupa samaki kwenye sahani kutoka kimo cha kiganja, akasoma namba mshale ungali unaruka, na akamwondoa samaki kabla hujapepesa macho. Kama springi hushuka sentimita moja kwa kilo mbili, na samaki ametupwa kutoka sentimita 10, mshale unaweza kuruka kupita kilo 11, tusipohesabu uzito wa sahani. Usigombane. Mwambie, "Kaka, acha mizani itulie kwanza." Sentensi hiyo ni fizikia tosha, na ni haki yako kama mnunuzi. Mchuuzi mwaminifu hatakasirika.

Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaoshusha mizigo kwa kamba. Kamba iliyobeba gunia la kilo 100 asubuhi nzima bila tatizo inaweza kukatika saa saba mchana kwa gunia hilohilo, kwa sababu tu kijana aliiachia ghafla, kamba ikawa imelegea nusu mita, halafu ikajikaza. Wakaguzi wa ajali watauliza kamba ina uwezo wa kilo ngapi. Waulize na urefu ulioanguka.

Akianza kuwataja wasomi

Kuna wakati Mbishi ataona ameishiwa na atasema mambo haya hayana msingi, wasomi wakubwa wasingeyakosa. Mwambie wasomi wakubwa walihangaika nayo kwelikweli, na hakuna aibu katika kuhangaika.

Galileo Galilei alijiuliza swali hili la barazani: kipigo kina kilo ngapi? Akatengeneza jaribio la ndoo. Upande mmoja wa mizani alining'iniza ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa imejaa maji na tundu lililozibwa chini yake. Upande wa pili aliweka uzito wa kusawazisha. Alitaka kuzibua tundu, maji yaangukie ndoo ya chini, kisha aone ni uzito gani wa kuongeza upande wa pili ili kukifidia kipigo. Tundu lilipozibuliwa, upande wa ndoo ulipanda kidogo kwanza, na maji yalipoanza kugonga ndoo ya chini mizani ikarudi sawa, ikatulia hivyo. Maji yaliyo hewani yalikuwa hayabebwi na mizani, na kipigo cha maji yanayofika kilifidia upungufu huohuo. Aliandika habari za jaribio hilo kwa ajili ya kitabu chake kikubwa kilichotoka Leiden mwaka 1638, lakini sehemu hiyo haikuchapishwa mpaka 1718, miaka 76 baada ya kifo chake.

Katika mji huohuo wa Leiden, mwaka 1722, Willem 's Gravesande alipata njia nyepesi zaidi. Aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini na kupima mashimo. Mpira mwepesi ulioanguka kutoka juu zaidi uliacha shimo sawa na mpira mzito ulioanguka kutoka chini, mradi uzito mara kimo vitoe jibu moja. Mfaransa Émilie du Châtelet aliuona uzito wa jambo hilo na kulitetea katika kitabu chake cha mwaka 1740, wakati wakubwa wengi wa elimu walikuwa bado wanabisha. Kwa hiyo Mbishi wetu ana ukoo mrefu na wenye heshima.

Jaribio la udongo linafaa sana kwa watoto. Udongo wa mfinyanzi upo, gololi zipo, na rula ipo kwenye kila mkoba wa shule. Mwalimu wa sayansi asiye na maabara ana maabara nzima hapo, na anayeiacha bila kuitumia anawanyima watoto kitu ambacho hakigharimu chochote.

Mpe habari za hospitali

Mwaka 1984 daktari aitwaye Peter Barss alichapisha uchunguzi wa majeruhi katika hospitali ya mkoa ya Alotau, Milne Bay, huko Papua New Guinea. Katika miaka minne, asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha walikuwa wamepigwa na nazi iliyoanguka. Wamo waliopasuka fuvu, na wamo waliokufa. Yeye pia alipiga hesabu na kuona kwamba nazi ikianguka kutoka juu inaweza kupiga kwa nguvu inayozidi tani moja. Mwaka 2001 uchunguzi huo ulipewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaomchekesha mtu kwanza na kumfikirisha baadaye.

Ila usimshinde Mbishi kwa namba ya uongo. Inatembea dunia nzima habari kwamba nazi huua watu 150 kila mwaka. Namba hiyo haina utafiti nyuma yake, na anayeitumia anampa Mbishi silaha ya bure. Kichwa kimoja kilichopasuka katika kijiji kinatosha kuwa sababu ya kuhamisha mkeka. Hakihitaji kupewa wenzake 149 wa kubuni.

Mpeleke mjengoni

Kama Mbishi ana kijana anayefanya kazi ya ujenzi, kaa naye muda mrefu kidogo hapa, kwa sababu mambo yanayoanguka mijini si nazi. Ni nyundo, ni tofali, ni kipande cha nondo, ni ndoo ya zege. Ukipita Kariakoo leo utaona ghorofa zinapanda huku watu wakipita chini yake na mizigo yao.

Kofia ngumu ya mjengoni imejengwa juu ya kanuni ile tuliyoichora mchangani. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 397 hudai kofia ipigwe kwa chuma cha kilo tano kilichoangushwa kutoka mita moja, na nguvu itakayopita mpaka kichwani isizidi nyutoni 5,000. Iangalie vizuri namba hiyo. Kilo tano zikitulia ni nyutoni 49. Kiwango chenyewe kinakiri kwamba kilo tano kutoka mita moja tu zinaweza kukifikishia kichwa karibu mara 100 ya uzito wake, na kwamba kuizuia nguvu isipite hapo ni mafanikio.

Kofia inafanyaje kazi hiyo? Si kwa ugumu wa gamba peke yake. Ndani yake kuna mikanda inayokaa kichwani, na kati ya mikanda na gamba kuna nafasi tupu. Nafasi ile ndiyo umbali wa kusimama. Ndiyo sentimita chache ambazo fuvu lako lingelazimika kuzitoa lenyewe. Basi nenda kwenye mjengo wowote uone nafasi hiyo imejazwa nini: pakiti ya sigara, simu, kitambaa cha jasho, chenji ya nauli. Mwingine amekata mikanda yote kwa sababu inawasha, akabaki na gamba limegusa utosi. Huyo amevaa bakuli. Ndugu fundi, toa simu humo ndani leo. Simu ina mfuko wa suruali. Fuvu halina pengine pa kukaa.

Na kofia nayo ina mwisho wake. Pigo la kilo tano kutoka mita moja lina nishati ya jouli 49. Nyundo ya nusu kilo ikidondoka kutoka mita 12, kama ghorofa ya nne hivi, inashuka na jouli 59, tayari imeupita mtihani. Nazi yetu ya mita 20 inashuka na jouli 294, mara sita ya mtihani. Kwa hiyo kofia si kibali cha kusimama chini ya watu wanaofanya kazi. Kinachookoa kwanza ni kuifunga nyundo kwa kamba kwenye mkono au mkanda wa fundi, kuweka ubao wa ukingoni kwenye jukwaa, kutandika wavu, na kuziba njia ya chini kwa utepe. Kofia inakuja baada ya hayo yote.

Fundi mwenyewe naye ni mzigo, akianguka. Mtu wa kilo 100 akianguka mita mbili akiwa amefungwa kamba inayovutika sentimita 10 tu, atapigwa na kamba ile kwa mara 21 ya uzito wake, zaidi ya tani mbili. Kamba haikukatika, kila mtu atasema alhamdulillahi, na mgongo umevunjika. Ndiyo sababu mikanda mizuri ya usalama ina kifurushi cha utepe uliokunjwa na kushonwa: mtu akianguka, nyuzi zinafumuka moja baada ya nyingine, utepe unarefuka, na nguvu haivuki nyutoni 6,000 zinazoruhusiwa na kiwango cha EN 355. Kifurushi kilichokwisha kufumuka kimefanya kazi yake. Hakishonwi tena na fundi cherehani. Anayekushonea anakurudishia ile kamba ya sentimita 10.

Usimwache aichukie nazi

Baada ya yote hayo Mbishi anaweza kugeukia upande mwingine kabisa na kutaka minazi ikatwe. Mzuie. Kuanguka si uovu. Ni nguvu isiyolipiwa, na watu wenye akili huitumia. Mafundi wa barabara hupima ugumu wa ardhi kwa nyundo ya kilo nane inayoachiwa kutoka milimita 575 juu ya fimbo yenye ncha, wakihesabu ncha imezama kiasi gani kwa kila pigo. Wanaochunguza udongo kabla ya ghorofa kujengwa huangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka milimita 760. Nguzo za gati hupigiliwa baharini kwa uzito unaoanguka. Na wali wa nazi wa leo usiku umepita kwenye mgongo wa panga.

Mnazi wenye umri wa kuzaa ni mali ya ukoo. Kinachotakiwa ni kuzishusha nazi kabla hazijajishusha zenyewe. Nazi hukomaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na ikishakauka hukatika saa yoyote, usiku au mchana, kwa upepo au bila upepo. Anayetaka kupanda mipya karibu na nyumba achague minazi mifupi, ambayo huzaa ikiwa bado mkono unafika. Kutoka mita mbili, nazi ileile ina sehemu moja ya kumi ya nishati ya ile ya mita 20.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una minazi mirefu juu ya njia ya watu, juu ya kisima, juu ya uwanja wa watoto au juu ya benchi la kahawa, mwite mkwezi wiki hii. Mlipe ujira wake kamili, maana anayafanya hayo yote akiwa juu yeye mwenyewe. Aangue kila nazi iliyokauka, na asiwepo mtu chini mpaka atakaposhuka. Benchi la Mbishi lihamisheni siku hiyohiyo, hata kama bado amelikalia na bado anabisha.